Barua Mbili za Siku Moja

Christabel alikuwa na ugomvi wa miaka ishirini na Kiingereza cha watu wa Garsen, na asubuhi ile ugomvi ulianza kabla hata hajafungua dirisha la duka. Linda, binti wa jirani, alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Alikuwa anaomba kazi ya usafi kwenye zahanati, na alitaka barua yake ichapwe vizuri na ipigwe mstari chini ya jina.

Christabel aliisoma akiwa bado ameshika kufuli. Akaisoma tena. Halafu akaketi.

"Linda, mwanangu, nani amekudanganya?"

"Nimefanya nini tena, Mwalimu?"

"Hapa umeandika wewe ni 'inveterate cleaner'. Na hapa chini, kuamka kwako mapema ni 'chronic'. Nani kakupa maneno haya?"

"Simu. Niliiuliza mazoea ya muda mrefu yanaitwaje, ikaniletea orodha. Nikachukua yaliyo marefu."

Jamani! Christabel alishika kichwa. Mtu anachagua maneno kwa urefu kama anachagua kuni! Akamvuta Linda akae kwenye kiti cha plastiki, akaanza somo ambalo nusu ya Garsen ilikwisha kulisikia na nusu nyingine ilikuwa inalikwepa.

"Sikiliza. 'Chronic' ni kikohozi. Ni kidonda kisichopona. Ni mtu anayechelewa kazini kila siku hadi mkubwa wake amechoka naye. Ukiwaambia wewe ni 'chronic', hawatakupa kazi, watakutafutia dawa. 'Inveterate' ni mlevi aliyekubuhu, mwongo aliyekubuhu, jambo limemwota mwilini halitoki. 'Habitual' hilo sasa ni neno la polisi, wanalipenda kwa mtu aliyekamatwa mara ya tatu kwa kosa lilelile. Umeelewa?"

"Sasa zuri ni lipi?"

"Lipo. 'Customary'. Hilo ni la jambo ambalo watu wamelikubali, wazee wamelishuhudia, hata asiyelipenda analiheshimu. Ni desturi, si tabia tu. Lakini kufagia zahanati si desturi ya wazee, Linda. Andika tu kwamba unaamka saa kumi na moja na unajua kufagia."

"Lakini Mwalimu, si yote ni kitu kimoja? Mtu anafanya jambo kwa miaka mingi, basi."

Hapo ndipo Christabel alipohisi ile hasira yake ya zamani ikimpanda. Si kitu kimoja! Miaka mingapi amekuwa akisema? Mtu anayeenda kanisani kila Jumapili na mtu anayeiba kuku kila Jumapili wote wana mazoea, lakini huwezi kuwaandikia neno moja. Alichapa barua ya Linda bila kusema tena, akampa, akafungua dirisha kwa kishindo.

Hakuwa amezaliwa na ukali huo. Alizaliwa Kulesa, kwenye shamba la baba yake kando ya Mto Tana, mtoto wa kwanza wa Florence. Alifundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja, akiwa mwalimu wa kuajiriwa na wazazi, asiye na cheti. Walipoletwa walimu wenye vyeti akaambiwa asante, akapewa soda na keki. Vitu viwili tu alitoka navyo pale shuleni: jina la Mwalimu, ambalo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, na kamusi nene iliyotafunwa na mchwa kwenye herufi ya A. Akafungua duka la kuchapa barua mjini Garsen. Kompyuta moja, mashine ya kuchapisha inayokunywa wino kuliko ng'ombe anavyokunywa maji, na kibao cha wino wa kidole kwa wasiojua kutia sahihi. Alijua Kiingereza vizuri, tena alijua kwamba anakijua. Watu wakimtania kwamba ameolewa na kamusi, alijibu kwamba kamusi angalau haimwongopei.

Mwaka huo kazi ilimwagika. Ilikuwa imeundwa kamati ya kuorodhesha mashamba na malka za pale mtoni. Malka, kwa asiyejua, ni njia ya ng'ombe. Inapita katikati ya mashamba ya Wapokomo mpaka kwenye maji, na kiangazi Waorma hushusha mifugo yao humo ikanywe. Kamati ilitaka kila mwenye dai aandike barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, aeleze anatumia ardhi hiyo kwa namna gani na tangu lini. Malka itakayokubaliwa itaandikwa kwenye ramani na kubaki wazi. Isiyokubaliwa itagawiwa mashamba ya pembeni, na ua utapita juu yake.

Kwa Kiingereza! Watu ambao Kiswahili chenyewe wanakizungumza kwa kuazima, mmoja ana Kipokomo chake na mwingine ana Kiorma chake, waandike haki yao kwa Kiingereza! Christabel alilaani jambo hilo kila siku, na kila siku aliwasha kompyuta.

Siku ile ya Linda, hata chai hajanywa, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake Jotham, ambaye ndiye aliyebaki Kulesa akilima shamba la baba yao.

"Dada, wamemaliza mahindi."

"Nani?"

"Ng'ombe. Nimeamka nimekuta upande wa mtoni wote ni mabua. Na migomba mitano chini."

"Ng'ombe wa nani, Jotham?"

"Sikuwauliza majina! Nyayo zimetoka malka. Nakuja hapo sasa hivi uniandikie barua. Nataka hiyo njia ifungwe, nimechoka."

Alikuja kweli, suruali imejaa matope hadi magotini, macho mekundu. Christabel aliyajua yale mahindi. Alikuwa amepanda mwenyewe mistari miwili mwezi wa nne, baada ya mafuriko kurudi mtoni. Mori ulimpanda. Aliandika barua ya mdogo wake kwa moyo wake wote, na ilikuwa barua nzuri, sentensi zimekaa sawa. Ukulima wa familia yao kando ya mto ulikuwa 'customary', aliandika, unajulikana na kuheshimiwa tangu enzi za babu. Jotham alitia sahihi, akaondoka kwenda kutafuta miche.

Saa sita mchana, jua likichoma mabati kama kikaango, akaingia Mzee Duba, mfugaji wa Kiorma.

Malka ile aliyotaka Jotham ifungwe ilikuwa yake. Ilipita kandokando ya shamba la kina Christabel, na ng'ombe wa ukoo wa Duba walikuwa wakiipita tangu kabla Christabel hajazaliwa. Ikifungwa, ingembidi azungushe mifugo mbali sana, kuelekea Minjila, na kiangazi kikikaza ndama na majike wenye mimba hawangefika maji. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mpole, amevua kofia yake ya kufumwa akaiweka magotini.

"Mwalimu, mimi hapana jua kusoma. Wewe andika vile mimi nasema. Hii njia ni ya zamani. Baba ya baba yangu alipita hapo. Mimi naita, mwenye shamba anaitika, ng'ombe anapita, anakunywa, anarudi. Hakuna vita. Andika hivyo tu."

Stima ilikuwa imepotea. Kompyuta ilikuwa imebaki na chaji ya nusu saa. Jasho lilimtiririka Christabel mgongoni, na kichwani mwake mlikuwa na migomba mitano chini.

"Ng'ombe wako walikuwa wapi jana, mzee?"

"Wangu wako mbali, upande wa kule kwenye nyasi. Wiki mbili sasa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akaandika. Vidole vilikwenda vyenyewe. Aliandika kwamba familia ya mleta barua ni watumiaji 'habitual' wa njia hiyo, na kwamba kupitisha mifugo kwenye mashamba pale mtoni ni jambo 'chronic'. Alipofika hapo vidole vilisimama. Aliliona lile neno. Wala usiniambie hakuliona. Alikuwa amelieleza asubuhi ileile kwa Linda, kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka mate yakamkauka. Alilitazama, akasikia sauti ya Jotham kwenye simu, akaliacha. Akapiga nukta na kuendelea.

"Umeandika njia ni ya wazee?" akauliza Duba.

"Nimeandika."

"Umeandika naita kwanza?"

"Nimeandika, mzee. Lete kidole."

Duba akabandika kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi, akacheka alipoona kimechafuka. Alijifuta kwenye mguu wa kiti. Mlangoni akageuka.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie kiangazi kikianza, kibuyu kinakuja."

Afadhali angemtukana. Maana mambo ya kibuyu Christabel aliyajua kuliko alivyoijua kamusi. Kila kiangazi, siku moja kabla ng'ombe wa kwanza hajashuka malka, nyumba ya Duba ilipeleka kibuyu cha maziwa kwa Florence. Maziwa yenyewe yamefukizwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri, mazito. Nyumba nzima ilikunywa, hata mtoto mchanga alipakwa mdomoni. Na kibuyu hakikurudi kitupu: Florence alikifunga na mkungu wa ndizi au mchele wa shamba, kikarudishwa. Hakuna aliyesema "naomba nipite," hakuna aliyesema "pita." Kibuyu kikienda na kurudi, kesho yake ng'ombe walishuka. Hiyo ndiyo kuita aliyosema Duba, na ndiyo kuitika. Christabel aliyanywa maziwa hayo tangu akiwa hajui kutembea.

Saa kumi Zachary, karani wa kamati, alipita kukusanya bahasha. Christabel alikuwa bado na muda. Kubadilisha maneno mawili ni kazi ya dakika moja, na stima ilikuwa imerudi. Alimpa Zachary bahasha zote mbili, ya Jotham juu, ya Duba chini, akasema, "Zihesabu vizuri zisipotee."

Wiki tatu baadaye kamati iliketi katika ukumbi wa mikutano, hapohapo mjini. Watu walijaa hadi nje. Na mkalimani alikuwa nani? Alikuwa Christabel, nani mwingine? Mwenyekiti alitaka kila barua isomwe kwa Kiingereza kisha ielezwe kwa Kiswahili, mwenye nayo asikie yaliyoandikwa kwa jina lake. Utaratibu mzuri kabisa. Kwa kila mtu isipokuwa Christabel.

Barua tisa zilipita salama. Ya kumi ilikuwa ya Mzee Duba. Alisimama mbele, kofia mkononi. Nyuma yake alikaa binti yake Nuria, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyeomba ruhusa ya siku moja kuja kumsikiliza baba yake. Christabel hakuhitaji kuambiwa yeye ni nani. Alimfundisha darasa la saba, kiti cha mbele, mtoto aliyekuwa akiuliza mpaka kengele inalia.

Mwenyekiti akaisoma ile barua kwa Kiingereza, polepole. Christabel alimwona Nuria akiinua kichwa.

"Haya Mwalimu, tueleze."

"Anasema," Christabel alianza, "anasema familia yake imeizoea njia hii kwa miaka mingi. Wanapita na mifugo kwenda mtoni."

"Na lile lingine? Umeliruka."

"Lipi, mwenyekiti?"

"'Chronic'. Lipo hapa. Eleza yote, yanaandikwa haya."

Mtu alikuwa akijipepea na gazeti, akaacha.

"Anasema kupita huko ni... ni jambo sugu."

"Sugu?" Duba akageuka kumtazama. "Sugu kama malaria?"

Watu wakacheka. Walicheka kweli, hasa upande waliokaa wakulima, na Jotham alikuwa miongoni mwao akipiga paja. Duba hakucheka.

"Mzee," alisema mwenyekiti, "barua yako inasema nyinyi ni watu wa kurudiarudia, na kwamba jambo hili limekuwa kama ugonjwa. Ukisema hivyo wewe mwenyewe, kamati itakuandikiaje haki? Ugonjwa unatibiwa, haupewi njia kwenye ramani. Hiki kidole ni chako?"

"Kidole ni changu. Neno si langu."

"Ndiyo, lakini..."

Nuria akasimama. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, naomba barua inayofuata isomwe kabla hujaamua. Ya jirani wa malka hiyo. Imeandikwa siku moja, duka moja, orodha ya mlangoni inaonyesha."

Ilikuwa ya Jotham. Ikasomwa. Neno la tano tu, 'customary', likasikika wazi ukumbi mzima.

"Mwalimu," Nuria alisema, "hilo nalo tuelezee."

"Ni desturi," alisema Christabel.

"Desturi. Jambo ambalo watu wamelikubali, wazee wamelishuhudia, hata asiyelipenda analiheshimu. Ulitufundisha hivyo, mimi nilikuwa nimekaa mbele yako. Ukatuambia na 'chronic' ni kikohozi. Mimi nafundisha hivyohivyo mpaka leo. Sasa nakuuliza kwa heshima zote: mdogo wako akilima ni desturi, baba yangu akinywesha ni kikohozi?"

Lo! Ukumbi ukachafuka. Huyu anazomea, yule anasema binti aachwe aseme. Mwenyekiti aligonga meza na chupa ya maji. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, na alitaka kumwokoa Christabel na aibu.

"Mwalimu, pengine ni makosa ya kuchapa tu? Mtu amechoka, joto, Kiingereza chenyewe kigumu. Lakini nikueleze, ikiwa ni makosa ya kuchapa, kamati haiwezi kuibadilisha barua. Mzee alitia kidole, tunahesabu ameiridhia. Siku ya mwisho ya kupokea barua imepita. Mpaka iwe kwamba mwandishi hakuandika alichoambiwa. Hapo tu."

Christabel alielewa vizuri sana. Alikuwa amefunguliwa mlango mpana: makosa ya kuchapa. Angepita hapo, malka ingefungwa, Jotham angepata ukanda ule hadi mtoni, na yeye angebaki Mwalimu aliyeteleza mara moja. Aibu yake ingekuwa ya siku mbili. Alimwona Jotham akimwitikia kwa kichwa, sema basi, sema. Na pembeni alimwona Duba, ambaye hakuwa hata amekasirika. Alikuwa amechanganyikiwa tu, anamtazama kama mtu anayesubiri aambiwe kuna nini.

Hasira iliyompanda safari hii haikuwa juu ya Jotham wala ng'ombe. Ilikuwa juu yake mwenyewe, na ilimchoma. Miaka ishirini anawapigia watu kelele juu ya maneno, anamkemea Linda, anamkemea kila mtu!

Akapiga moyo konde. "Si makosa ya kuchapa," alisema. "Mzee aliniambia njia ni ya wazee. Aliniambia yeye huita na sisi huitika. Sikuandika. Asubuhi ile ng'ombe walikuwa wamekula shamba letu, nami nilikuwa na hasira, nikaandika neno baya huku nikijua ni baya. Sikuuliza hata vizuri ng'ombe walikuwa wa nani. Wake walikuwa mbali. Na hilo la kuita ni kweli, mwenyekiti. Wanaita kwa kibuyu cha maziwa. Nimeyanywa mimi. Jotham ameyanywa. Mama yetu anayanywa mpaka leo."

Jotham alisimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake. "Dada, umeniuza," alisema, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Kamati ilinong'onezana, kisha ikamruhusu Duba alete barua nyingine papo hapo. Nuria alichomoa karatasi kwenye daftari, akainamia goti lake, akaandika kwa mkono. Baba yake alimnong'oneza Kiorma, naye akaandika. Christabel alisogea, na mkono wake ukanyooka wenyewe kama zamani alipokuwa akisahihisha.

"Nikuangalizie?"

"Hapana, Mwalimu," alisema Nuria. "Asante."

Mwezi uliofuata majibu yakatoka. Malka ya Duba ilikubaliwa, ikachorwa kwenye ramani, ikapewa karatasi yenye muhuri. Shamba la kina Jotham likabaki na mipaka yake ileile ya zamani. Ukitaka kusema kweli hakuna aliyepoteza kitu, lakini jaribu kumwambia Jotham hivyo. Hakupokea simu ya dada yake tangu siku ile. Na dukani mambo yakawa ya kuudhi mtindo mmoja. Waorma wakaacha kuja. Barua zao sasa zilimsubiri Nuria mpaka likizo. Wakulima nao walikuja, lakini walisimama nyuma ya kiti chake wakikodolea kioo, hata wasiojua kusoma. "Hapo umeandikaje, Mwalimu? Hakika? Usije ukasimama tena mbele ya watu ukasema ulikuwa na hasira." Aliwasomea kila mstari, akichapa.

Kiangazi kikaingia mwezi wa kwanza. Christabel alifunga duka siku tatu, akaenda Kulesa kumsaidia mama yake. Jotham alimsalimia kwa kichwa akaenda zake shambani. Florence, ambaye miguu yake ilikuwa haimtii tena, hakuwa na habari kamili ya yale ya ukumbini. Alijua tu kwamba malka imepata karatasi, na alifurahi sana.

"Kesho au keshokutwa kitakuja," alisema, akimwonyesha Christabel mkungu wa ndizi alioukatisha na kuutundika kando ya mlango. "Nimechagua mkubwa. Mwaka huu wapate wa maana."

Christabel alisafisha vikombe, akavipanga mezani bila kuambiwa.

Kesho ilipita. Keshokutwa, jua limepanda kidogo tu, ikasikika ile milio ya kengele za ng'ombe. Florence alidhani amesikia vibaya. Christabel akatoka nje akasimama ukingoni mwa shamba. Ng'ombe walikuwa wanashuka malka, mmoja nyuma ya mwingine, kwa adabu kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeinamia hindi. Mzee Duba alikuja mwisho, fimbo begani. Shingoni alikuwa amening'iniza mfuko wa plastiki wenye uzi, na ndani yake karatasi imekunjwa, muhuri unaonekana.

"Mwalimu," alisema. "Habari ya kiangazi?"

"Njema, mzee. Karibu. Mama yuko ndani, anakungoja."

"Msalimie."

"Mzee," Christabel alisema. "Mzee, kibuyu..."

Duba akasimama. Akaugusa ule mfuko shingoni, si kwa kiburi, kama mtu anayehakikisha tu kwamba kitu chake kipo.

"Karatasi iko, Mwalimu. Iliandikwa. Kuita ni kwa mtu anayeomba." Akawaangalia ng'ombe wake waliokuwa wamefika kwenye maji. "Watakunywa, watarudi. Shamba hawagusi."

Akaenda zake. Christabel alibaki pale mpaka vumbi likatulia, akilini anatafuta neno la kumwambia mama yake. Hakuna hata moja alilolipata, yeye na kamusi yake yote. Alipoingia ndani, Florence alikuwa amejikongoja hadi mlangoni, mkono mmoja kwenye mkungu wa ndizi.

"Hao si ng'ombe wa Duba?"

"Ndio, mama."

"Wameshuka?"

"Wameshuka."

"Na kibuyu hakijaja?"

"Hakitakuja, mama. Ni mimi."

Akamweleza, akiwa amesimama, tangu migomba mitano mpaka kiti cha Jotham kilichoanguka. Florence alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza neno lilikuwa lipi wala maana yake nini kwa Kiingereza. Alitazama vile vikombe mezani, akamwambia Christabel avirudishe kabatini.

"Na hizi ndizi zishushe," alisema. "Peleka Garsen ukauze, hapa zitaoza."

Christabel akapanda kwenye kiti, akaanza kufungua kamba.